Kuhesabu Chakula kwa Simu: Je, Ndiyo Fadhila ya Kiasi?

Katika miji yetu, kama Lubumbashi, Kolwezi na Bukavu, limeingia jambo ambalo wazee wetu hawakulijua. Mtu ameketi mezani, sahani iko mbele yake, sala ya chakula imekwisha, lakini hali bado. Anatoa simu mfukoni na kuandika humo: bugali kiasi fulani, sombe kiasi fulani, mawese vijiko viwili, samaki kipande kimoja. Simu inamjibu kwa nambari: chakula hiki kina kalori 750, na kwa leo umebakiwa na kalori 600. Ndipo anakula, ama anarudisha kipande katika sufuria.

Watu wakimwona hawasemi neno moja. Wengine wanacheka, wakisema ni desturi za kigeni. Wengine wanamsifu kwamba ni mtu anayejitawala. Tena wako wanaokasirika kabisa, maana nyumbani kwao hakuna cha kuhesabu. Nasi tunaofundisha dini twaulizwa: Je, Mkristu anayehesabu chakula namna hii anafanya vema? Je, hii ndiyo fadhila ya kiasi tuliyojifunza katika katekisimu, au ni kitu kingine kilichovaa nguo zake?

Swali hili si dogo. Linagusa mwili na roho, linagusa meza ya nyumba, linagusa hata haki. Basi yafaa tulichunguze polepole, bila kucheka na bila kusifu kabla ya wakati.

1. Kalori ni kitu gani?

Kama vile kilo inapima uzito na metre inapima urefu, hivyo kalori inapima joto. Kalori moja ya chakula ni joto linalotosha kupandisha kilo moja ya maji kwa digri moja. Mfaransa Nicolas Clément alilitumia neno hilo alipofundisha Paris karibu na mwaka 1820. Baadaye, katika miaka ya 1890, Mmarekani Wilbur Atwater na wenzake walijenga chumba kidogo katika mji wa Middletown. Mtu aliweza kukaa ndani siku kadhaa, akila, akilala, akifanya kazi, nao walipima joto lote lililotoka katika mwili wake. Katika kazi hiyo ndimo ilimotoka hesabu inayotumika hata leo: gramu moja ya sukari au ya unga ina kalori 4, gramu moja ya protini 4, gramu moja ya pombe 7, na gramu moja ya mafuta 9.

Mwili wetu, basi, ni kama jiko. Chakula ni kuni. Kuni zikizidi kazi ya jiko, mwili hauzitupi, unaziweka akiba, na akiba yake ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori karibu 120. Chupa kubwa ya bia, ile ya santilita 72, ina karibu 300. Mtu anayekunywa chupa tatu jioni amekwisha kula chakula kizima bila kutafuna.

Simu haikubuni hesabu hii, imeirahisisha tu. Programu moja inayojulikana sana, MyFitnessPal, ilianzishwa Marekani mwaka 2005 na Mike Lee, ambaye alitaka kupunguza uzito kabla ya arusi yake, akachoka kuandika vyakula kwenye karatasi. Leo ziko nyingi za namna hiyo. Unaandika chakula, au unaonyesha simu ile mistari myeusi iliyochapwa juu ya mkebe, au unapiga picha ya sahani, nayo inajumlisha. Ila tujue kwamba orodha hizo mara nyingi zimeandikwa na watumiaji wenyewe, na vyakula vyetu havimo vizuri. Sombe ya mama huyu si sombe ya mama yule: mmoja ametia mawese mengi, mwingine ametia karanga, mwingine maji na chumvi tu. Nambari inayotokea ni ya kubahatisha, hata ikiandikwa kwa herufi nzuri.

2. Kanisa nalo limehesabu

Mtu asiharakishe kucheka. Wakristu walihesabu chakula kabla ya simu kuwapo. Mtakatifu Benedikto, katika Kanuni yake ya karne ya 6, aliwapimia wamonaki wake ratili moja ya mkate kwa siku, tena akapima na divai. Lakini alisema kwamba anaona shida moyoni kumwekea mwingine kipimo, kwa sababu kila mtu amepewa na Mungu paji lake. Vitabu vya teolojia ya maadili vilivyotumika seminarini kabla ya Mtaguso wa pili wa Vatikano vilipima hata chakula kidogo cha jioni siku za kufunga: wakia nane, ndiyo kusema karibu gramu 240. Mwaka 1966 Papa Paulo VI alizigeuza sheria za kufunga, na mizani hiyo ikaachwa. Lakini haikuwa upuuzi. Ilitaka kuwasaidia watu wanaojidanganya kwa urahisi.

Na Mtakatifu Inyasi wa Loyola katika Mazoezi yake ya Kiroho anafundisha njia ya ajabu. Mtu achague kosa moja analotaka kulishinda. Achore mistari ya siku saba. Kila alipoanguka atie nukta juu ya mstari, adhuhuri na jioni, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma. Huyo naye, je, hahesabu? Tena katika kanuni zake juu ya kula anashauri jambo la busara: mtu aamue kiasi cha chakula kinachofuata wakati ambapo hana njaa, kwa sababu njaa ikifika inaleta maneno yake matamu na kumshinda.

Wahenga wa Waswahili walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Ndivyo ilivyo na kinywa. Mtu anayekula hovyo hajui amekula nini. Mandazi mawili njiani, chai yenye vijiko vitano vya sukari kwa rafiki, bia kwenye kilio, karanga sokoni: jioni anaapa kwamba leo hakula kitu. Hasemi uongo, amesahau. Daftari linamwamsha. Mwaka 2008 huko Marekani walichapisha uchunguzi juu ya watu karibu 1,700 waliotaka kupungua. Wale walioandika kila siku walivyokula walipunguza uzito mara mbili kuliko wale wasioandika.

Basi twasema wazi: kuhesabu chakula si dhambi, wala si upuuzi, wala si mambo ya wageni tu. Mtu mwenye ugonjwa wa sukari au tansio, ambaye mganga amemwamuru apunguze uzito, akiandika chakula chake anatunza zawadi ya Mungu. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Hekalu linafagiliwa, wala halichomwi moto wala kuachwa lianguke.

3. Lakini kipimo si fadhila

Hapa ndipo pagumu. Watu wanadhani ya kwamba aliyefikia nambari ya simu amekuwa mtu wa kiasi. Twajibu: hapana, si lazima. Tuone sababu.

Sababu ya kwanza twaipata kwa Aristotle, mpagani wa zamani ambaye Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimwita Mwanafalsafa bila kuongeza jina. Aristotle alifikiri hivi: kama mizigo kumi ya chakula ni mingi mno kwa mtu mmoja, na miwili ni michache mno, haifuati kwamba mwalimu wa michezo ampe kila mtu sita. Sita ni michache kwa Milo, yule mpigana mieleka mwenye nguvu, na mingi kwa kijana anayeanza. Katikati ya hesabu si katikati ya fadhila. Katikati ya fadhila inapimwa na akili yenye busara, kwa mtu huyu, kwa kazi hii, kwa siku hii. Mchimbaji anayeshuka shimoni Kolwezi, mama anayenyonyesha, karani anayeketi toka asubuhi mpaka jioni, hawa hawana nambari moja. Ni kweli simu inauliza umri, urefu na kazi. Lakini haijui kwamba leo una homa, au kwamba jana ulitembea kilometre ishirini kuzika mtu.

Sababu ya pili: wingi ni sehemu moja tu ya jambo. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu alionyesha njia tano za ulafi, na Mtakatifu Tomaso akazishika: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya bei kubwa, kudai vitengenezwe kwa uangalifu mno, kula kupita kiasi, na kula kwa pupa. Tazameni, njia ni tano. Simu inaweza kuhesabu moja, ile ya nne. Zile nne nyingine haizioni. Mtu anaweza kula kalori 1,500 kamili, asizidishe hata moja, na bado ni mlafi: anamgombeza mke wake kwa sababu samaki hakupikwa alivyotaka, anakula kwa pupa akiwapita watoto, anatumia franka za karo ya shule kununua vyakula vya dukani vilivyoandikwa kwamba havinenepeshi. Tena njia ile ya tatu, ya kujishughulisha mno na chakula, simu yaweza kuiongeza. Mtu anaamka akifikiri atakachokula, anafanya kazi akijumlisha alichokula, analala akihuzunikia alichozidisha. Tumbo lake limepungua, lakini chakula kimejaza kichwa. Je, huyo amekuwa huru?

Sababu ya tatu ni nia. Fadhila ni mazoea mema ya roho, yanayomfanya mtu kutenda mema kwa utayari na furaha, kwa ajili ya lengo jema. Bahili naye hujinyima chakula, lakini hatumwiti mtu wa kiasi, twamwita bahili. Mshindani wa mieleka hujinyima apate zawadi. Kijana hujinyima apendeze katika picha. Matendo yao yafanana, lakini mioyo yao haifanani. Yule anayejinyima ili apone na kuwatumikia watoto wake, huyo yu karibu na fadhila. Yule anayejinyima ili watu wamtazame, amekwisha pata mshahara wake, kama Bwana wetu alivyosema juu ya wanaofunga kwa kukunja nyuso.

Nao ulimwengu wenyewe unathibitisha. Mwaka 2014 waganga wa Los Angeles walitangaza walichoona kwa wagonjwa 212 wanene. Nusu yao walionyeshwa programu ile ya MyFitnessPal, na nusu waliendelea na matunzo ya kawaida tu. Baada ya miezi sita uzito wa makundi hayo mawili haukutofautiana sana. Wengi waliifungua simu mara nyingi katika mwezi wa kwanza, kisha wakaiacha. Kwa nini wale wa mwaka 2008 walifaulu? Tusisahau jambo moja: wale walikutana kila juma, kundi kwa kundi, wakisaidiana na kutiana moyo. Daftari lilikuwapo, lakini na ndugu walikuwapo. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kikiwa na simu.

4. Hatari tatu za kujihadhari nazo

Hatari ya kwanza ni wasiwasi wa dhamiri. Mapadri waungamishi wanaujua vizuri: mtu anayeona dhambi pasipo dhambi, anayerudia kitubio kilekile mara kumi, asiyeamini kwamba amesamehewa. Mtakatifu Inyasi mwenyewe, huyo aliyefundisha kutia nukta, aliteswa na wasiwasi huo huko Manresa mwaka 1522. Akaacha kula juma zima ili Mungu amwondolee. Ni nini kilichomsaidia? Si kipimo kikali zaidi. Mwungamishi wake alimwamuru ale, naye akatii. Ndivyo inavyotokea leo kwa wengine wanaohesabu kalori, na zaidi wasichana. Wanaanza kwa kupunguza kidogo. Kisha kila tonge ni kosa, kila kosa linadai adhabu, na adhabu ni kutokula. Waganga wameonya kwamba kwa watu wenye ugonjwa huo wa kukataa chakula, kuhesabu kwaweza kuzidisha ubaya, na ugonjwa wenyewe waweza kuua. Wazazi, mkimwona mtoto wenu anakonda, anajificha wakati wa kula, anashika simu kama msahafu, msimsifu. Mwulizeni kwa upole, na mpelekeni kwa mganga.

Hatari ya pili ni kuyafungulia macho ya watu mambo ya ndani. Katika kitubio twasema siri zetu kwa padri, naye amefungwa na muhuri ambao hakuna mfalme awezaye kuuvunja. Simu haina muhuri huo. Mwaka 2018 kampuni ya Under Armour, iliyokuwa na MyFitnessPal wakati ule, ilitangaza kwamba wezi waliingia katika hesabu za watumiaji karibu milioni 150, wakachukua majina yao ya kuingilia na anwani za barua zao. Kila anayeiambia simu uzito wake na udhaifu wake akumbuke kwamba anamwambia mtu asiyemjua.

Hatari ya tatu ni kuharibu meza. Kwetu watu wengi hula katika sahani moja. Mikono minne, mitano inakutana katika bugali moja. Simu inataka kila mtu awe na sahani yake, kipimo chake, hesabu yake. Imetengenezwa kwa mtu anayekula peke yake. Lakini mezani hatuli wanga na mafuta tu. Mtoto anajifunza hapo kungoja mkubwa, mkubwa anajifunza kumwachia mdogo nyama, mgeni anajua kwamba amepokelewa. Bwana wetu hakuchagua kuacha ukumbusho wake katika kitabu wala katika jiwe, bali mezani.

Tufikiri mama mmoja. Ana ugonjwa wa sukari. Mganga amemwambia apunguze uzito, naye anaandika chakula chake kwa uaminifu. Siku moja anakwenda kumsalimu mama mkwe kijijini. Mama mkwe amepika toka asubuhi: bugali, kuku, mchuzi wenye mafuta mengi. Kukataa chakula kwetu ni kumkataa aliyepika. Tena akikonda, watu watanong'ona: ana ugonjwa mbaya, au mume hamtunzi. Afanye nini?

Wazee wa jangwani huko Misri walijua shida hii. Yohane Kasiano, aliyewatembelea karne ya 4, anasimulia kwamba walivunja mfungo wao mgeni alipofika. Walisema kwamba mfungo unakaa nao daima, lakini mgeni ataondoka, na katika mgeni wanampokea Kristu. Mapendo ni sheria, kufunga ni hiari. Basi je, mama huyu ale kila kitu? Twapambanua. Wale wazee walikuwa wazima, yeye ni mgonjwa. Kwao kuvunja mfungo kulikuwa kupoteza zoezi, kwake kwaweza kuwa kuharibu mwili. Amri ya tano haina likizo siku za wageni. Njia yake ni kusema kweli, tena mapema, kwa heshima ya mkwe: Mama, ninaugua sukari, mganga amenipa masharti, nisaidie niyashike. Aketi, anawe mikono, ale kidogo katika sahani ileile, na simu ikae mkobani. Asijifiche, asidanganye kwamba ameshiba. Mama mkwe anayeambiwa kweli anaweza kuwa msaidizi. Akifichwa, ataona dharau. Na sisi wengine tujifunze kwamba kumsukumia mgonjwa chakula, tukisema asipokula hatupendi, si ukarimu.

5. Kiasi bila haki

Sasa twafika mahali ambapo hatuwezi kupita kimya. Mwaka 2022 Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu watu zaidi ya bilioni moja duniani wenye unene wa ugonjwa. Mwaka 2024 taarifa juu ya nchi yetu zilihesabu zaidi ya watu milioni 25 waliopungukiwa vikali na chakula. Hesabu hizo mbili ni za dunia moja. Na simu ileile inayomhesabia mtu wa Chicago kwamba amezidisha kalori 200 ina betri yenye kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika udongo wa Lualaba na Haut-Katanga. Aliyechimba huenda alishuka shimoni bila kula kitu asubuhi. Simu haina mahali pa kumwandika.

Hatusemi hivi ili kumlaumu mgonjwa. Njaa ya Masisi haiponi kwa sababu mtu wa Lubumbashi ameongeza kula. Tena unene si daima dalili ya utajiri: katika miji yetu maskini wengi wananenepa, kwa kuwa mafuta, sukari na unga ndivyo vinavyopatikana kwa bei ndogo, kuliko maharage, matunda na samaki. Lakini mafundisho ya kale ni wazi. Papa Mtakatifu Leo Mkuu, katika karne ya 5, aliwahubiria Waroma kwamba chakula alichojinyima mwenye kufunga kiwe shibe ya maskini. Hapo ndipo kufunga kunapotofautiana na kupunguza uzito. Anayepunguza uzito anauliza: Nimetoa nini mwilini mwangu? Anayefunga anauliza tena: Nilichotoa kimekwenda kwa nani? Fadhila kubwa ni nne, nazo ni dada: busara, haki, nguvu na kiasi. Kiasi kisichomjua dada yake haki kinabaki mtunzaji wa tumbo.

6. Majibu kwa wanaopinga

Pengine mtu atasema: "Mimi ni dhaifu. Bila simu siwezi." Twajibu: Itumie. Mlemavu hadharau fimbo, na aliyevunjika mguu hakatai gongo. Lakini gongo ni la kukufundisha kutembea. Baada ya miezi michache ujiulize: Je, nimejifunza kuona kwa macho yangu kiasi kinachonitosha? Je, naweza kuacha sahani nikiwa bado na hamu, hata simu ikizimika? Kama ndiyo, fadhila inaota mizizi. Kama siyo, umebadilisha bwana tu.

Mwingine atasema: "Mwili ni udongo tu, yafaa tutunze roho." Huyo hasemi kama Kanisa. Twaungama ufufuko wa mwili. Mtakatifu Fransisko wa Assisi aliuita mwili wake Ndugu Punda, na inasimuliwa kwamba mwisho wa maisha yake aliuomba msamaha kwa sababu aliutesa mno.

Mwingine tena: "Mimi ni maskini, mambo haya hayanihusu." Hesabu ya kalori pengine haikuhusu. Fadhila ya kiasi inakuhusu, maana pombe ya franka chache nayo ina ulafi wake, na baba anayekunywa mshahara wa juma Jumamosi jioni anawapimia watoto wake kalori bila simu.

7. Tufanye nini?

Kwanza, anayetaka kupunguza uzito amwone mganga kabla ya kuifungua simu. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wagonjwa wasijipimie wenyewe.

Pili, achunguze nia yake kwa kweli mbele ya Mungu: kwa ajili ya nani?

Tatu, ahesabu kwa muda wenye mwisho, aandike kabla ya kula au baada ya kula, asiandike mezani. Meza ni ya sala na ya watu.

Nne, akiona hesabu inamnyima usingizi na amani, aiache mara moja, na amfungulie moyo padri au mtu mwenye busara. Amani ni alama ya Roho Mtakatifu, na mahangaiko si alama yake.

Tano, asiwe peke yake. Mume na mke wakubaliane juu ya sufuria moja, maana haifai mmoja apikiwe masharti na mwingine apikiwe mafuta mbele ya macho yake. Na shirika zetu za msingi zaweza kuwasaidia wagonjwa wa sukari na tansio kutembea pamoja, kulima mboga pamoja, kutiana moyo.

Sita, kila aliyepunguza matumizi ya chakula apange sehemu kwa mwenye njaa anayemjua kwa jina. Franka za chupa moja ya bia aliyoiacha zanunua maharage ya nyumba moja jioni.

Wasomaji wapenzi, Bwana wetu alitufundisha tusisumbukie tutakula nini, maana Baba yetu anajua mahitaji yetu, naye amezihesabu hata nywele za vichwa vyetu. Kuna hesabu, basi, inayofanywa kwa upendo, na kuna hesabu inayofanywa kwa hofu. Mfalme Daudi alihesabu watu wake kwa majivuno, akaadhibiwa. Mchungaji alihesabu kondoo wake mia, akaona mmoja amepotea, akatoka kumtafuta. Wote wawili walihesabu.

Na siku ya mwisho, kama tusomavyo katika Injili ya Mateo, Mwamuzi atatuuliza juu ya chakula. Hatauliza tulikula kalori ngapi. Atauliza kama alipokuwa na njaa tulimpa kula. Aliyejifunza kiasi kwa ajili ya jibu hilo, awe amejifunza kwa simu, kwa daftari au kwa desturi za mama yake, hakupoteza kazi yake.